Kompyuta kwa Kijana Mpenda Michezo: Tazama Kadi ya Picha Kabla ya Kutoa Fedha

Kila zama na mchezo wake. Zamani, katika baraza za Palma, Quionga na Mocímboa da Praia, jioni ilikuwa ya bao, karata na ngoma. Mambo hayo yangalipo, lakini siku hizi kijana wa pwani hii hutaka pia kucheza mpira ndani ya kioo cha kompyuta, kuendesha magari ya mashindano, na kushindana na wenziwe walio mbali. Wazazi wengi huyaona hayo kuwa upuuzi mtupu. Wengine hukubali, wakatoa akiba yote ya nyumba, kisha baada ya wiki moja wakagundua kwamba mashine waliyoinunua haiwezi hata kuufungua ule mchezo uliosababisha inunuliwe.

Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mzazi na kijana wake waketi mkeka mmoja, wahesabu kwa pamoja, na wachague kompyuta ya kupakata inayolingana na mfuko wao. Jambo tutakalolitazama zaidi ni sehemu moja ambayo wanunuzi wengi hawaijui kwa jina, nayo ndiyo iamuayo kama mchezo utakwenda au utakwama: kadi ya picha.

KWA NINI JAMBO HILI LINA UZITO

Vita vilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Kimbunga Kenneth kikaipiga pwani yetu tarehe 25 Aprili 2019. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ukashambuliwa, na maelfu ya watu wakakimbia kwa miguu, kwa mashua na kwa kila njia iliyopatikana. Waliorejea wameanza upya. Katika kaya ya namna hiyo kila metical ina foleni yake: mabati, nyavu, daftari za watoto, dawa. Kutoa fedha za mabati kwa ajili ya mashine isiyofaa si hasara ndogo. Ni masika mengine chini ya paa linalovuja.

Lakini upande wa pili nao una haki yake. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku ile Palma iliposhambuliwa, leo ni barobaro. Ameona mengi kuliko umri wake. Anapotaka kuketi nyumbani jioni na wenzake, wakacheka na kushindana kwa mpira wa kwenye kioo, si vyema kumfukuza kama mwenye kosa. Tena kompyuta hiyohiyo, ikichaguliwa vizuri, itamwandikia kazi za shule, itaandika barua na maombi ya watu wa mtaa kwa malipo, na itamfunza kazi za mikono ya kisasa kama kuhariri picha za harusi. Basi swali si kununua au kutonunua tu. Swali ni ipi inunuliwe, na kwa kiasi gani.

KADI YA PICHA NI NINI?

Ndani ya kompyuta mna prosesa na mna kadi ya picha. Prosesa ni mfano wa nahodha: hufikiri, huamua, hutoa amri moja baada ya nyingine. Kadi ya picha ni mfano wa wavuvi wanaovuta juya ufukweni: kila mmoja kazi yake ni ndogo, lakini wakivuta kwa pamoja huleta pwani mzigo ambao nahodha peke yake hauwezi.

Tuhesabu kidogo. Kioo cha kawaida cha kompyuta ya kupakata kina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani nukta 2,073,600. Ili mchezo uende kwa ulaini, nukta zote hizo hupakwa rangi upya mara 60 kwa kila sekunde. Hizo ni nukta zaidi ya milioni 124 katika sekunde moja. Kadi ikiwa dhaifu, picha huruka-ruka, mchezaji akapiga mpira na mpira ukaondoka baada ya mlinda mlango kukaa tayari.

Kadi hizi ni za aina mbili. Ya kwanza ni kadi ya ndani, iliyomo katika prosesa yenyewe, isiyo na kumbukumbu yake. Hukopa sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta, ile iitwayo RAM. Ya pili ni kadi ya pekee, yenye chipu yake, kumbukumbu yake na feni ya kuipoza. Katika maduka ya Pemba utaisikia ikiitwa placa gráfica, na muuzaji akisema dedicada ana maana ya kadi ya pekee. Akisema integrada ana maana ya kadi ya ndani.

Hapa pana jambo la kushika kuliko yote. Katika kompyuta ya mezani, kadi ikichakaa huchomolewa ikatiwa nyingine. Katika kompyuta ya kupakata, isipokuwa chache sana, kadi huwa imechomelewa kwenye ubao wake. RAM utaweza kuongeza baadaye katika mashine nyingi. Diski utaweza kubadili. Kadi ya picha utakayonunua leo ndiyo utakayokaa nayo mpaka mwisho. Kwa hiyo fedha ikiwa haba, heri kadi nzuri na RAM ndogo itakayoongezwa mwakani, kuliko RAM nyingi na kadi dhaifu isiyobadilika.

NGAZI TATU ZA UWEZO

Ngazi ya kwanza ni ya kompyuta za ofisi zilizotumika, zinazoletwa kwa wingi kutoka nje. Nyingi zina kadi ya ndani ya Intel UHD 620, iliyotoka mwaka 2017. Kadi hii hucheza michezo ya zamani, kama GTA San Andreas ya mwaka 2004, michezo ya mpira ya miaka iliyopita, na Minecraft ikiwa mapambo ya picha yamepunguzwa. Iliyo bora zaidi ni Iris Xe ya Intel, iliyoanza mwaka 2020, na kadi za Vega zilizomo ndani ya prosesa za AMD Ryzen. Kadi ya Radeon 680M ya AMD, iliyotoka mwaka 2022, huzikaribia hata baadhi ya kadi ndogo za pekee.

Mwenye kadi ya ndani akumbuke siri moja: kwa kuwa kadi hiyo hukopa RAM, hufanya kazi vizuri zaidi RAM ikiwa vipande viwili badala ya kimoja. Vipande viwili vya gigabaiti 4 huishinda RAM ya kipande kimoja cha gigabaiti 8, ijapokuwa jumla ni ileile, kwa sababu njia za kupitishia picha huwa mbili. Gharama yake ni ndogo, na faida yake huonekana kwa macho.

Ngazi ya pili ni ya kadi za pekee za kiasi. Humo mna MX150 na GTX 1050 za Nvidia, zote za mwaka 2017, na GTX 1650 ya mwaka 2019 yenye gigabaiti 4. Kwa mtu wa mfuko mdogo, GTX 1650 ndiyo ya kutafuta kwanza katika mashine zilizotumika. Hucheza vizuri GTA V, mchezo uliotoka katika kompyuta mwaka 2015, na huingia katika michezo mingi ya mpira ya miaka ya karibuni. Mchezo wa EA Sports FC 24, kwa mfano, ulitaka kadi isiyopungua GTX 1050 Ti ya gigabaiti 4. Kadi ya ndani ya ofisini haikutajwa kabisa.

Zile za mwaka 2017 zinunuliwe kwa hadhari. Kampuni ya Nvidia ilisimamisha mwezi Oktoba 2025 matoleo ya kawaida ya programu za kuziendesha kadi za kizazi hicho, ikibakiza marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Mwezi uleule, tarehe 14, Microsoft nayo ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10. Kompyuta nyingi zenye GTX 1050 zina prosesa za Intel za kizazi cha saba, ambazo Windows 11 haizikubali rasmi. Huanzia kizazi cha nane. Mashine hizo hazijafa, lakini bei yake lazima ilingane na uzee wake. GTX 1650 ni ya kizazi kilichofuata, nayo haikuguswa na hatua hiyo.

Wako pia ndugu wa kadi hizi ambao wachezaji huwapita bila kuwatazama: kompyuta za wahandisi na wachora ramani, kama HP ZBook na Dell Precision. Kadi zake huitwa Quadro. Quadro P1000 iko karibu na GTX 1050, na Quadro T1000 imejengwa kwa chipu ya ukoo mmoja na GTX 1650. Kwa sababu hazina taa za rangi wala nembo za michezo, huenda ukaipata moja kwa bei ya mashine ya ofisi. Basi usizipite dukani bila kuuliza.

Ngazi ya tatu ni ya RTX 3050, ya mwaka 2021, na RTX 4050, ya mwaka 2023. Hizi hucheza karibu kila mchezo wa leo ukipunguza mapambo, nazo zina ufundi uitwao DLSS, ambao huchora picha ndogo kisha ukaikuza kwa akili ili kadi isichoke. Lakini tazama bei. Kompyuta za RTX 3050 zilipotangazwa Marekani zilianzia dola 799, na za RTX 4050 zilianzia dola 999. Kwa kiwango cha karibu meticais 64 kwa dola, hizo ni takriban meticais 51,000 na 64,000, kabla ya nauli, faida ya mwenye duka, na kodi ya IVA ambayo tangu mwaka 2023 ni asilimia 16. Mashine mpya ya ngazi hii si ya mfuko mdogo. Iliyotumika, ikipatikana kwa bei ya haki na ikajaribiwa, ni jambo jingine.

GIGABAITI HUDANGANYA, JINA HALIDANGANYI

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji asiye mwaminifu hutaja gigabaiti za kadi peke yake. Tuseme mashine ina kadi ya pekee ya gigabaiti 4 na RAM ya gigabaiti 16. Windows huiruhusu kadi kukopa hadi nusu ya RAM, yaani 8. Jumla ni 12, na hapo muuzaji atanadi kwamba kadi ni ya gigabaiti 12. Kweli ni 4 tu. Nyingine ni za mkopo, nazo ni za polepole.

Basi fungua mwenyewe Gestor de Tarefas katika Windows ya Kireno, uingie sehemu ya Desempenho, ubonyeze GPU. Hapo utasoma jina kamili la kadi na kumbukumbu yake ya pekee. Kama panaonekana kadi moja tu, nayo ni ya Intel, basi hakuna kadi ya pekee, hata kama nembo ya Nvidia imebandikwa chini ya kibodi. Nembo ni karatasi. Karatasi hubandikwa na yeyote.

Hata jina lenyewe lina siri yake: wati. Kadi mbili za jina moja zaweza kutofautiana kama mashua mbili zenye injini ya aina moja, moja ikipewa mafuta tele na nyingine ya kupimiwa. RTX 3050 hutengenezwa kwa wati 35 hadi 80. RTX 4050 kwa wati 35 hadi 115. MX150 ilitolewa kwa sura mbili, ya wati 25 na ya wati 10, na jina halikubadilika. Mashine nyembamba sana mara nyingi ndiyo iliyopunguziwa wati. Uliza wati, kisha hakikisha kwa kuutazama mchezo ukienda.

UMEME, JOTO NA CHUMVI

Mwaka 2020 kituo cha umeme cha Awasse kiliharibiwa katika mashambulizi, na wilaya za kaskazini zikakaa gizani kwa muda mrefu. Tangu hapo kaya nyingi zimejifunza kutegemea sola. Kwa hiyo mnunuzi asiiulize kompyuta nguvu zake tu. Aiulize na ulaji wake.

Kompyuta yenye kadi ya pekee ya ngazi ya pili au ya tatu huja na chaja ya wati 120, 150 au zaidi. Ikitumia wati 150 kwa saa mbili, imekula wati-saa 300. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ikiwa ni ya risasi na asidi haipendezi kuimaliza zaidi ya nusu, yaani 600. Saa mbili za mpira zimekula nusu ya akiba ya usiku, na bado taa, simu na redio zinangoja. Kompyuta ya kadi ya ndani yenye chaja ya wati 45 haitazidi wati-saa 90 kwa muda uleule. Mwenye sola ndogo amekwisha kupata jawabu lake: ngazi ya kwanza, RAM vipande viwili. Mwenye Credelec naye ajaribu kusoma mita kabla na baada ya kucheza, ajue mchezo wa saa moja unamgharimu nini.

Wengine hudhani watacheza kwa betri ya kompyuta yenyewe. Betri hiyo haiwezi kutoa wati zote zinazotakiwa, hivyo kadi hujipunguzia nguvu mara chaja ichomolewapo. Vivyo hivyo ukipewa mashine ya wati 150 pamoja na chaja ya wati 65, mchezo utakokota na betri itashuka ingawa waya umechomekwa. Soma maandishi ya chaja. Zidisha volti kwa ampea, utapata wati.

Joto ni adui wa pili. Kadi ikipata joto kupita kiasi hupunguza mwendo ili isiungue. Mashine isiwekwe juu ya godoro wala mkeka, bali juu ya meza au ubao, matundu ya chini yakipata hewa. Upepo wa bahari huleta chumvi na mchanga. Feni ifunguliwe na fundi na kusafishwa angalau mara moja kwa mwaka, na dawa ya kupitisha joto juu ya chipu ibadilishwe ikikauka. Usiku mashine ifunikwe kwa kitambaa kikavu baada ya kupoa.

KUIJARIBU KABLA YA KULIPA

Usilipe kwa kuonyeshwa kioo kinawaka. Fanya haya:

1. Chomeka chaja yake mwenyewe, ufungue mchezo au programu nzito, uiache iende nusu saa. Duka likikataa, nenda duka jingine.

2. Tazama kioo. Vidoadoa vya rangi, mistari, au kioo kuwa cheusi ghafla ni dalili za kadi inayokufa.

3. Sikiliza feni. Ikikwaruza au isipozunguka, matengenezo yanakungoja.

4. Linganisha mwendo wa dakika ya tano na wa dakika ya thelathini. Ukishuka sana, upoaji ni mbaya.

5. Zima na uwashe. Mashine ikidai neno la siri la kampuni kabla ya Windows, usiitwae.

6. Angalia skrubu za chini. Zilizokwaruzwa zinaonyesha kwamba imekwisha kufunguliwa; uliza kwa nini.

KITU KIMETOKA WAPI?

Watu wa Palma huvuka Ruvuma kutoka Namoto kwenda Kilambo na kufika Mtwara. Wengine hupita Daraja la Umoja la Negomano, lililofunguliwa mwaka 2010. Anayenunua Mtwara au Kariakoo, Dar es Salaam, ajue kwamba chaja huenda ikawa na plagi ya meno matatu ya bapa, isiyoingia katika soketi zetu za matundu ya mviringo. Chaja yenyewe ikiandikwa volti 100 hadi 240 haina tatizo. Kinachotakiwa ni waya wa plagi nyingine. Achukue risiti yenye namba ya mashine, maana forodhani ataulizwa.

Na liko swali zito kuliko la forodha. Katika miji ambayo watu waliikimbia wakaacha milango wazi, si kila kinachouzwa rahisi kina mwenyewe halali. Kompyuta isiyo na risiti, isiyo na chaja, yenye picha za familia ya mtu mwingine ndani yake, huenda ni machozi ya jirani. Bei iwe ndogo namna gani, mwenye heshima haiingizi nyumbani mwake.

HESABU YA NYUMBANI

Kabla ya kwenda dukani, kijana aandike majina ya michezo mitatu anayoitaka kweli, na kadi ambayo kila mmoja unataka. Aandike pia ukubwa wake. FC 24 ulidai gigabaiti 100 za nafasi katika diski; kuupakua kwa bando la simu kwaweza kula fedha nyingi kuliko chakula cha wiki. Michezo ichezwayo bila intaneti, iliyo midogo, ndiyo rafiki wa kaya yetu. Mzazi naye aandike kiasi ambacho kikitoka, mabati na daftari hazitaguswa. Katika kiasi hicho sehemu moja kati ya kumi ibakizwe kwa ajili ya RAM, usafi na waya.

Yakikutana maandishi hayo mawili, uamuzi si mgumu. Mwenye sola na fedha kidogo achukue mashine ya ofisi yenye Iris Xe au Vega. Mwenye umeme wa mita na fedha za kiasi atafute GTX 1650 au Quadro T1000 iliyojaribiwa. Asiyefikia hata ngazi ya kwanza asikope. Simu aliyo nayo mkononi itamchezesha mpira mpaka msimu ujao. Subira hiyo si adhabu kwa kijana. Mwambieni hesabu yote waziwazi, mwonyesheni fedha zilizopo na zinazopungua, naye atajua kwamba amehesabiwa miongoni mwa wanaolijenga upya paa la nyumba yao.